Akiba ya Sauti

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii niliijua tangu utotoni, nikaitumia mara nyingi katika mashairi na katika mabishano, wala sikudhani kwamba ingenirudia nikiwa mtu mzima, katika chumba kimoja mjini Bukoba, mbele ya kompyuta, kwa sababu ya kitufe kisichozidi ukubwa wa punje ya buni. Kwa kitufe hicho nilimwaga sekunde kumi za sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Sekunde kumi si nyingi. Lakini zilikuwa zake, hazikuwa zangu, na hapakuwa na mahali pengine zilipohifadhiwa.

Kisa kilianza na tetemeko. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, watu walikufa, na nyumba nyingi zilianguka au zilipasuka. Nyumba ya marehemu baba yangu mdogo, pembezoni mwa mji wa Bukoba, haikuanguka, ila ukuta wake mmoja ulifunguka ufa wa kupitisha mkono. Tulipokuwa tukihamisha vyombo tulikuta chini ya kitanda sanduku la bati lenye kanda za kaseti 14. Nyingi zilikuwa za kwaya na za muziki wa dansi uliorekodiwa kutoka redioni. Moja ilikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wa kimwalimu ulionyooka: Nanga, Muleba, 1984.

Kwa msomaji wa visiwani, ambaye kwake nanga ni chuma cha kukizuia chombo kisichukuliwe na maji, sharti nieleze. Kwetu Wahaya nanga, au enanga kwa Kihaya chenyewe, ni ala ya muziki: kipande cha mti kilichochongwa kama hori, na juu yake uzi mmoja mrefu unaopitishwa kwenda na kurudi mpaka upatikane mstari wa nyuzi sambamba. Mpigaji huketi peke yake, akazidonoa nyuzi kwa vidole huku akiimba kisa kirefu cha mashujaa na wafalme, na utendi huo nao huitwa nanga. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliziandikia tendi hizi tasnifu nzima ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akaonyesha kwamba wale waliosema Afrika haina tendi za kishujaa hawakuwa wamesikiliza. Ukanda wetu haukuwa wa wataalamu. Ulirekodiwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha Muleba, katika nchi iliyokuwa milki ya Ihangiro, kwa redio kaseti iliyonunuliwa mwaka 1977, mwaka ambao bei ya kahawa ilipanda duniani kwa kuwa baridi kali ilikuwa imeua mibuni ya Brazil mwaka 1975. Aliyeimba ni mzee wa jirani. Alichoimba ni utendi wa Mugasha, ambaye kwa Wahaya wa kale ndiye mwenye ziwa, mwenye tufani na mawimbi.

Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi kwa kuifanya. Nilipoona lebo ile sikufikiri juu ya mashine hata kidogo. Nilifikiri juu ya tafsiri. Nilitaka kuwa na utendi ule katika kompyuta ili niweze kuusimamisha, kuurudisha nyuma na kuufasiri mstari kwa mstari. Basi nikaazima redio kaseti, nikatafuta waya wenye ncha mbili, nikachomeka ncha moja katika tundu la hedifoni la redio na nyingine katika tundu la kipaza sauti la kompyuta. Mwanzoni mwa ukanda palikuwa na kikohozi, kiti kikiburutwa, watu wakinong'ona. Nikaona huo ni upuuzi wa kunipotezea muda, na umeme wa siku zile haukuwa wa kuaminika, nikapeleka ukanda mbele mpaka pale nanga inapoanza. Ilianza taratibu, kama zinavyoanza nanga zote. Sauti ilikuwa ndogo. Nikazungusha kitufe, kile kijani cha kipimo kikapanda kwenye kioo, nikazidi kuzungusha mpaka kikakaribia kabisa ukingo wa juu. Nilipendezwa na nilichokiona. Kipimo kilichojaa kilinifanya nijione fundi. Nikaiacha mashine ifanye kazi, nikatoka barazani kuzungumza na jamaa.

Kama dakika ya ishirini na moja mzee yule alifika mahali ambapo ziwa linachafuka. Hapo aliupiga mti wa nanga kwa kiganja, akapaza sauti kwa pumzi yake yote. Niliporudi chumbani nilikuta kipimo ni chekundu, na katika hedifoni palitoka mkwaruzo kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Nikasimamisha, nikapunguza kitufe, nikarudisha ukanda nyuma nirekodi upya. Ukanda ulikuwa umelala miaka 32 karibu na ziwa, katika mji wa mvua nyingi, na kuvu ilikuwa imekwisha kuuingia. Ulinata kwenye gurudumu la mpira, ukavutwa ndani, ukakunjwa kama utumbo wa kuku. Nilipoutoa, nusu mita ilikuwa imechanika na kusagika. Ukanda wa kaseti hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Nusu mita basi ni sekunde kumi na kidogo. Zilikuwa ni zile zile.

Kwa muda mrefu niliulaumu ukanda, kisha redio, kisha unyevu wa Bukoba. Ilinichukua miezi kusoma na kuuliza hadi nikaelewa kwamba ukanda ulinipa nafasi moja nzima, nami niliipoteza kabla haujachanika. Naeleza hapa nilichojifunza, kwa kuwa najua visiwani nako kuna masanduku chini ya vitanda.

Sisi tuliokua katika miaka ya kaseti tulifunzwa tabia moja: rekodi kwa nguvu. Kila ukanda una mchakacho wake, mfano wa mafuta yanayokaanga senene kwa mbali, na njia ya kuufunika mchakacho ni kuiingiza sauti ikiwa kubwa. Ikizidi kidogo, ukanda huvumilia. Chembe za sumaku hushiba polepole, sauti ikawa nene, ikajipinda, lakini maneno yakabaki. Tabia hiyo katika ukanda ni busara. Nikaibeba kama ilivyo, nikaiingiza katika chombo kisichojua kuvumilia.

Kompyuta huigeuza sauti kuwa namba. Katika kiwango kilichotumiwa na diski za muziki, kila sekunde wimbi la sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo hupewa namba moja miongoni mwa 65,536 zilizopo. Namba zikiisha zimeisha. Ndiyo maana kipimo cha kompyuta huanza sifuri juu kabisa na kuhesabu kwenda chini: hasi 6, hasi 12, hasi 20 na kuendelea. Sifuri ni dari ya zege. Wimbi linalotaka kupita hapo hukatwa kichwa, na mahali penye kilele panabaki mstari mnyoofu kama meza. Zipo programu zinazojaribu kuchora upya vilele hivyo, na kwa mkato mdogo husaidia; lakini zinachora kwa kukisia, hazikumbuki. Sauti ndogo, kwa upande mwingine, inaweza kuinuliwa baadaye bila madhara ya maana. Kupungukiwa kuna dawa, na kuzidi hakuna.

Wala hakuna faida ya kuikaribia dari. Kila desibeli 6 unazoshuka ni sawa na kuugawa urefu wa wimbi kwa mbili, na hili humtia mtu hofu kwamba anapoteza nusu ya mali. Lakini ukanda wa kaseti wa kawaida, kutoka mchakacho wake hadi kilele chake, una upana wa desibeli 50 hivi, au 60 ukiwa bora. Chombo cha biti 16 kina kama 96. Cha biti 24, kwa hesabu, 144. Mtu mwenye debe moja la maharage na ghala la magunia mia hana sababu ya kulirundika debe lake mlangoni. Ukiacha desibeli 12 tupu juu ya kilele, mchakacho wa ukanda bado uko juu sana kuliko mchakacho wa kompyuta, na hukupoteza kitu. Mafundi huzipigania desibeli hizo tupu. Mimi huziita akiba, maana wazee walisema akiba haiozi.

Kosa la pili lilikuwa la tundu. Tundu la kipaza sauti limetengenezwa kupokea umeme mdogo mno, na ndani yake mna kikuzaji. Sauti ya redio ikiingia humo imekwisha kuzidi kabla haijawa namba. Hapo ndipo penye hila inayowanasa wengi. Unashusha kitufe kilichomo katika programu, kipimo kinashuka, wekundu unatoweka, nawe unashukuru Mungu. Kumbe mawimbi yalikatwa vichwa mlangoni, nawe unawapunguza kimo watu ambao tayari hawana vichwa. Kipimo kinasema hasi 10 na sauti bado inakwaruza. Kwa hiyo jicho lisiaminiwe peke yake. Rekodi dakika moja, likuze wimbi kwenye kioo, utazame kama vilele ni vya mviringo au ni bapa, kisha usikilize kwa hedifoni. Dawa ya tundu ni kutumia kifaa cha nje cha kuingizia sauti, chenye mlango wa laini na kitufe chake, na kuizima mipango yote ya kompyuta inayojidai kurekebisha kiwango yenyewe.

Naandika katika jarida la visiwani, basi sina budi kukumbuka kwamba jambo hili ni la kale kuliko kompyuta. Kabla ya mwaka 1925 hivi, mwimbaji aliyerekodiwa aliimba mbele ya pembe kubwa ya bati, bila umeme, na mtetemo wa sauti yake ndio ulioisukuma sindano ichonge nta. Hapakuwa na kitufe. Kiwango kilipimwa kwa miguu: penye sauti ya chini mwimbaji alisogea mbele, penye kupaza alirudi nyuma. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake, umeme na kipaza sauti vilikuwa vimekwisha kuingia katika kazi hiyo. Lakini swali lilikuwa lile lile: fundi alipaswa kujua, kabla sahani haijaanza kuzunguka, mwimbaji angefika wapi pale angepofika juu kabisa. Aliyepima kwa beti za mwanzo peke yake aliharibu nta.

Siku hizi nafanya hivi. Ukanda ukiwa na kuvu, naukausha na kuusafisha kwanza, wala siuchezeshi kwa pupa. Kichwa cha kusomea na magurudumu nayafuta kwa spiriti safi kabla ya kila ukanda. Kompyuta naiacha ijitegemee kwa betri yake, maana ikichomekwa ukutani aghalabu huingiza mvumo wa umeme. Natafuta mahali penye kelele kubwa zaidi, nauweka mlango mpaka kilele hicho kisipite hasi 12, kisha sigusi tena kitufe hadi upande uishe, kwa kuwa aliyeimba kwa sauti ndogo alikusudia iwe ndogo. Ukanda ukiwa dhaifu kiasi cha kutovumilia kupita mara mbili, sitafuti kitu: naacha akiba kubwa zaidi, hata desibeli 20, na naanza kurekodi kabla ukanda haujaanza kwenda. Faili ya kwanza siipaki rangi. Natoa nakala, na marekebisho yote nayafanya kwenye nakala. Sitoki barazani.

Lakini yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa na tafsiri yenye tundu la sekunde kumi, tena katikati ya tufani. Nikafanya wafanyalo washairi. Nikasikiliza mkwaruzo ule mara mia, nikadhani nimesikia silabi hii na ile, nikatunga mistari miwili yenye vina vizuri, nikaitia pale. Ilikuwa mistari mizuri. Nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa uzuri wake ndio uliokuwa hatari: tafsiri yote ilionekana kukamilika.

Mwaka 2018 nilikwenda Muleba na faili yangu kuwasomea wazee. Walikuwa wanne, waliomsikia mpigaji yule akiwa hai. Mzee wa kwanza, nilipomchezea mkwaruzo, alisema hapo anataja upepo. Wa pili alisema hapana, anataja mtumbwi. Wa tatu alicheka, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, wewe unataka tuseme, nasi tunasema." Wa nne alikuwa mama wa umri wa kunizaa, aliyekuwa akimenya ndizi wakati wote bila kuinua uso. Aliniomba nisome tena ile mistari yangu miwili. Nikaisoma.

"Hayo uliyasikia?" akauliza.

"Waitu mama, hayasikiki. Mashine iliyakata."

"Basi kwa nini umeyaandika?"

Sikuwa na jibu, wala yeye hakulingoja. Alirudi kwenye ndizi zake. Nimesoma makala nyingi juu ya uaminifu wa mfasiri, na hakuna iliyonifundisha zaidi ya swali lile. Kukata vilele vya sauti lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga husameheka. Kuziba pengo kwa maneno yangu na kumvika marehemu lilikuwa kosa la kiburi. Kitufe kilimnyamazisha kwa sekunde kumi. Mimi nilitaka kumsemea milele.

Niliporudi Bukoba niliifuta ile mistari. Kisha nikaamua kuuhamisha ukanda wote upya, wa wakati huu kwa kifaa kinachofaa, ukiwa umeungwa kwa utepe mwembamba pale ulipochanika. Na safari hii nilianza mwanzo kabisa, kwenye kikohozi na kiti kinachoburutwa, zile dakika nilizoziruka.

Baada ya kikohozi ilisikika sauti ya baba mdogo, ya ujana wake, ambayo nilikuwa nimeisahau. Alikuwa akimwambia mzee wa watu, kwa heshima ya Kihaya, kwamba kabla hawajaanza aupige mti wa nanga kwa nguvu zake zote na apaze sauti kama atakavyopaza Mugasha atakapokuja, ili apime. Mzee akauliza, apime nini? Baba mdogo akajibu kwamba mashine ina sindano, na sindano ikigonga mwisho maneno yataharibika. Mzee akaupiga mti. Akapaza sauti mara moja, tupu, bila kisa. Watu wakacheka. Ndipo kiti kikaburutwa, mara mbili: baba mdogo alikuwa akimrudisha mzee nyuma, mbali na mashine. Pigo likarudiwa, sasa likiwa mbali kidogo. "Hapo hapo," akasema baba mdogo.

Naam, kipimo kilikuwapo. Mwaka 1984 mwalimu wa shule ya msingi, bila kusoma kitabu chochote cha mafundi, aliweka kilele cha sauti ile mwanzoni mwa ukanda, mahali ambapo yeyote atakayekuja baada yake angekikuta kwanza. Nami nilikiruka kwa kuokoa dakika mbili.

Katika tafsiri yangu sasa, kwenye tufani, pana mstari mtupu. Chini yake nimeandika kwamba hapa mwimbaji alipaza sauti kwa sekunde kumi, na kwamba maneno yake yaliharibiwa na mfasiri wakati wa kuhamisha ukanda. Rafiki mmoja aliyeisoma aliniambia mstari ule unaichafua kurasa. Nimeuacha vivyo hivyo. Nakala za faili ziko Bukoba, Muleba na kwangu, na zote zinaanzia kwenye kikohozi.